Ukingo wa Kivu, kutoka Muhanzi hadi Ruzizi

Sijaona mji mwingine katika Kongo ya mashariki wenye ukingo wa maji mrefu kama wa Bukavu, na bado mkazi wake wa kawaida hana mahali pengi pa kuyagusa maji hayo. Mji umekaa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani. Wenyeji husema ni mkono uliotumbukiza vidole vyake katika Kivu. Ukifuata kila kidole hadi ncha yake na kurudi, utahesabu kilomita nyingi. Ukijaribu kuzitembea kwa miguu, unakutana na ukuta, kisha geti, kisha mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani.

Nilikuja kuutembea ukingo huo hivyo hivyo, katika kiangazi cha mwaka 2023, nikitokea Uvira. Sisi watu wa Uvira tunakaa upande wa chini. Maji ya Kivu hutokea Bukavu kwa mdomo wa mto Ruzizi, yanashuka kama kilomita 117 hadi ziwa Tanganyika, na chochote kinachoelea kinaweza kushuka nayo. Wakati wa mvua, ukienda kule mto unapoingia katika ziwa letu, unakuta chupa za plastiki zimenasa kwenye matete. Najua nyingine ni zetu wenyewe, nyingine ni za Kamanyola, za Luvungi, za Bujumbura. Nilitaka kuona zile za juu kabisa zinaanzia wapi.

Kuhusu barabara ya Ngomo sitasema mengi. Kila dereva hupiga honi kabla ya kona, kwa sababu upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde. Unaacha joto la uwanda wa Ruzizi ukiwa na shati, na ukifika Nyangezi unatafuta koti. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Tanganyika, na baridi ya asubuhi ya Bukavu mtu wa Uvira hawezi kuizoea.

Nilianzia Beach Muhanzi, jua likiwa bado halijachomoza. Muhanzi ni bandari na soko kwa wakati mmoja. Boti za mbao zinatoka Idjwi na Kalehe zikiwa na ndizi, nanasi, magunia ya makala, mbuzi waliofungwa miguu, na bidoni za manjano zilizojaa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Zinazotoka Minova zinaleta vitunguu na viazi. Boti haijafunga kamba vizuri, wanawake wanaobeba mizigo wameshaingia majini hadi magotini. Mzigo unawekwa mgongoni, kamba inapita kwenye kipaji cha uso, na mama anaanza kupanda kuelekea barabarani ameinama, macho yanatazama ardhi tu. Gunia la makala linamzidi urefu. Niliwasogelea wawili waliokuwa wanapumzika, nikawaamkia, wakaniitikia bila kuinua vichwa, maana kamba ilikuwa bado kwenye paji. Bukavu nzima inakula kwa shingo za wanawake hawa, na sijaona jengo hata moja lililojengwa kwa ajili yao pale bandarini, hata kibanda cha kujikinga na mvua.

Kisha zikaingia sambaza. Wavuvi wa Kivu hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, mingine ikichomoza mbele na nyuma. Wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa, na samaki wanapanda kufuata mwanga. Kazi ni ya usiku, na usiku wa giza ndio wenye mavuno. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa ya mvuvi haina nguvu tena, na wengi wanabaki nyumbani. Wakati wa kurudi wanapiga kasia kwa wimbo, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na sauti hufika ufukoni kabla ya mitumbwi kuonekana.

Mama mmoja alikuwa ameshatandaza sambaza zake kwenye beseni. Ni samaki wa urefu wa kidole, rangi ya fedha, na magamba yao yanabaki kwenye vidole vyako hata baada ya kunawa.

"Papa, leo njo nzuri," aliniambia. "Mwezi haikuwaka usiku."

Nikamwambia, "Mama, unajua samaki hawa asili yao ni kwetu?"

Akaacha kupima. Nikamweleza ninachokijua. Kivu ni ziwa lililosumbuliwa sana na volkano, na halikuwa na aina nyingi za samaki. Katika maji ya katikati, mbali na ukingo, hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vidogo vinavyoelea. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji walichukua samaki wachanga Tanganyika, wakawaleta huku na kuwamwaga. Wataalamu wanamwita samaki huyo Limnothrissa miodon. Kwetu kusini anaitwa lumbu, na hukua kuliko huku. Alipofika Kivu alipata chakula ambacho hakuna aliyekuwa anakigusa, akazaana, na leo maelfu ya nyumba za pande zote mbili za ziwa, Kongo na Rwanda, zinapata ada ya shule kutokana naye.

"Basi uko ndugu, Papa," mama alisema, akajaza kopo mpaka likafanya kilima, kisha akaongeza kiganja kizima cha matabishi, ile nyongeza ya bure.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii wanapolitazama Kivu ni jinsi sehemu iliyo hai ilivyo nyembamba. Ziwa lina kina cha mita 480 na zaidi. Lakini ukishuka mita 60 au 70 hivi, hewa ya kupumulia samaki imekwisha. Chini ya hapo kuna maji mazito yaliyobeba gesi, kaboni dioksidi na methani, na hakuna samaki anayeishi humo. Sambaza wote, na wavuvi wote, na yule mama wa beseni, wanategemea tabaka la juu peke yake. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo hulivuruga tabaka hilo na kupandisha rutuba kidogo kutoka chini, na maji hupata rangi ya kijani. Ndivyo nilivyoyakuta. Kwa hiyo kinachotupwa ukingoni hakipotelei katika ziwa kubwa lisilo na mwisho. Kinaingia katika ile sehemu ndogo inayotulisha.

Watu walipopungua, niliinama nikautazama ukingo wenyewe. Palikuwa na mchanga mweusi uliochanganyika na vumbi la makala. Kandambili za watoto, kila moja bila mwenzake. Vizibo vya chupa, vya bluu na vyekundu. Vipande vya neti ya mbu iliyokatwa kuwa wavu, yenye matundu madogo kiasi kwamba hata mtoto wa sambaza hawezi kupenya. Neti hiyo iligawiwa ili kumkinga mtoto na malaria, ikaishia kuvua samaki ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Maganda ya miwa. Konokono wadogo wa maji matamu, wameshikilia bua la tete. Na mifuko, mifuko laini myeusi ile ya sokoni, imezikwa nusu, kiasi kwamba ukiivuta unavuta na ardhi.

Chupa nzima zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja mwenye mfuko begani alinipa sababu bila kusimama: chupa nzima ina bei. Zinaoshwa, zinauzwa kwa wauza mafuta ya mawese, kwa wenye asali, kwa makadhafi wanaouza petroli kando ya barabara. Watoto wa Muhanzi wanazikusanya alfajiri. Ufukoni hubaki zile zilizopasuka au kubondeka, na zile ambazo mkono wa mtoto haukuzifikia zinaendelea na safari.

"Wakati ya mvua ndo uje," alisema. "Mvua ikinyesha huko juu, machupa njo inashuka mingi. Maji hauione."

Huko juu nilipanda mchana, nikifuata mto Kahwa kinyume cha maji yake. Kahwa hupita kati ya komuni za Ibanda na Kadutu, na usiupite kiangazi ukadhani umeujua. Wakati huo ni kijito chenye harufu, unaweza kukivuka kwa hatua ndefu moja. Pande zake nyumba zimepanda juu ya nyumba. Kadutu ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi wachache, na mji mzima, waliouita Costermansville hadi miaka ya 1950, haukupangwa kwa watu wengi. Leo Bukavu ina zaidi ya watu milioni moja. Vita vya miaka thelathini vimewashusha wengi kutoka vijijini, na wamejenga palipopatikana: juu ya mteremko, ndani ya korongo, mahali ambapo gari la taka haliwezi kufika hata likiwepo.

Nilisimama kwenye daraja dogo chini ya soko la Kadutu, nikamtazama msichana aliyetumwa na mama yake kumwaga kapu. Alimwaga mahali pale ambapo jirani amemwaga, ambapo wote wanamwaga. Mngemwambia akamwage wapi? Serikali ilitia saini dekreti tarehe 30 Desemba 2017 kuikataza mifuko ya plastiki nchini kote, isitengenezwe wala isiingizwe wala isiuzwe. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilikuwa imeshaikataza tangu mwaka 2008, na ukivuka daraja kwenda Rusizi, upande wa Rwanda, na mfuko wako mweusi unaambiwa uuache mpakani. Kwetu mfuko huo bado unafunga nyanya, chumvi na mandazi katika kila soko. Na chupa za maji bado zinauzwa. Mabomba ya mtaani yakikauka, mwenye uwezo ananunua maji ya chupa, na asiye na uwezo anateremka na bidoni hadi ziwani, anayachota yale yale ambayo Kahwa imeyaingilia. Nililiona hilo kwa macho yangu pale mdomoni mwa mto: mama anafua upande mmoja, watoto wanaoga katikati, na msichana mwenye bidoni mbili anasogea mbele kidogo, palipo na kina, akitafuta maji safi.

Siku iliyofuata nilitaka kuona upande mwingine wa ukingo, ule wenye kuta. Rasi ya Labotte ina umbo la kiatu cha buti, na ndiko Wabelgiji walikojenga majumba yao katika miaka ya 1940 na 1950: kona za mviringo, varanda ndefu, madirisha duara kama ya meli. Mengi bado yamesimama na ni mazuri sana. Mtu anayeandika juu ya Bukavu bila kuyasifia atakuwa mnyimivu. Lakini kati ya bustani na bustani, ile nafasi iliyokuwa wazi imejengwa. Palipokuwa na njia ya kuteremkia majini pana nyumba mpya ya ghorofa, na chini yake mawe yamemwagwa ziwani ili kuongeza kiwanja. Nilihesabu njia za umma nilizozipata wazi upande huo kwa vidole vya mkono mmoja, na moja ilikuwa mfereji.

Mzee mmoja anayetunza bustani aliniruhusu niteremke. "Ingia, kijana, lakini usikawie," alisema. Nilimshukuru, nikashuka ngazi za mawe hadi kwenye maji. Hapo ndipo nilipoona jinsi ukingo wa Kivu ulivyo ukiachwa peke yake. Mawe yote ya majini yamevaa ganda jeupe la chokaa, gumu, lenye vinundu, na ganda hilo limejengwa na maji yenyewe, kwa kuwa Kivu lina madini mengi. Nilikuta hata bua kuukuu la tete lililovishwa chokaa pande zote. Tete lenyewe limeshaoza, likabaki bomba jeupe unaloweza kuona kupitia ndani yake. Nililishika, likavunjika kingo kidogo, ndani yake mna miviringo myembamba, mmoja juu ya mwingine. Mdiria alikuwa ametua kwenye waya wa ua akitazama chini. Mzee aliniambia kwamba fisi maji huja asubuhi kula kaa juu ya yale mawe, naye huwaachia nafasi. Mamba na kiboko, ambao sisi wa Uvira tunawaogopa kila tunapoingia majini, Kivu haliwajui. Watoto wa Bukavu wangeweza kuwa waogeleaji bora katika Kongo nzima, kama wangekuwa na pa kushukia.

Hili ndilo lililonikaa moyoni kuliko chupa zenyewe. Ukingo uliofungwa na ukingo unaotupwa taka ni jambo moja. Mwenye nacho amejitwalia sehemu iliyo safi, akaifunga kwa ukuta. Asiye nacho ameachiwa mdomo wa Kahwa, bandari na mifereji. Mtu hawezi kukitunza kitu ambacho haruhusiwi kukigusa, na mkazi wa Kadutu analiona ziwa kila siku kutoka juu bila kulifikia. Ningekuwa na sauti katika mji huu, ningeanza na njia za kushukia kabla ya mapipa ya taka: kila mtaa unaopakana na ziwa upate njia yake, pana, isiyouzwa kwa mtu. Najua viwanja vya Bukavu vina bei, na najua nani wanavinunua. Bado nasema hivyo.

Kutoka Labotte nilikodi mtumbwi wenye mota, tukazunguka ncha za rasi kuelekea kusini mashariki, hadi mahali ziwa linapobana na kuanza kusogea. Huwezi kukosea. Maji yaliyokuwa yametulia yanapata mwelekeo, matete yanainama upande mmoja, na nahodha anapunguza mota. Kulia ni Kongo, kushoto ni Rwanda, na mbele ni daraja la mpaka la Ruzizi ya kwanza, ambako mstari wa wafanyabiashara wadogo haukatiki tangu asubuhi: maziwa, mayai, nyanya na kuku vinaingia Bukavu, vitenge vinatoka. Picha hazipigwi hapo, nami nilikuwa nimeshaizima simu.

Ruzizi ni mto kijana. Zamani, Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, kuelekea ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia, ziwa likajaa kwa maelfu ya miaka, na kama miaka 10,000 iliyopita likafurika upande huu wa kusini, likachonga mlango. Kwa hiyo maji yanayopita Bukavu hayaendi tena Misri. Yanaingia Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga, yanafika mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Nahodha alisikiliza hadithi hiyo, kisha akanyoosha mkono kunionyesha kilichokuwa kinapita kando yetu: chupa, kandambili, chupa, kipande cha godoro, chupa.

Kilomita chache chini ya mdomo huo lipo bwawa la Ruzizi I, lililoanza kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mitambo yake minne ina uwezo wa megawati karibu 30, na chini yake, tangu mwaka 1989, ipo Ruzizi II ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinaimiliki pamoja. Sikuingia bwawani; nilisimama juu ya mteremko unaolitazama. Hata kwa mbali, mbele ya vyuma vinavyoyachuja maji, ilionekana zulia la rangi rangi ambalo halikuwa maji. Mwanzoni mwa mwaka 2023 habari zake zilikuwa zimeenea duniani: taka zinaziba njia ya maji, mashine zinaharibika, wazamiaji wanateremshwa kuzitoa kwa mikono, na miji inayotegemea umeme huo inakaa gizani. Uvira ni mmojawapo. Taa inayozimika nyumbani kwangu usiku, mtoto akiwa anasoma, huenda imezimwa na kapu lililomwagwa Kahwa wiki chache kabla. Nilipokuwa Uvira nililijua hilo kwa kusoma. Pale juu ya mteremko niliweza kulifuata kwa kidole: mlima, korongo, mto, ziwa, mlango, vyuma.

Lakini nilikuta pia watu wanaolifanyia kazi. Karibu na mdomo wa Ruzizi, upande wetu, vijana walikuwa na mtumbwi uliojaa chupa hadi ukingoni, wamezifunga ndani ya neti kuukuu za uvuvi. Wapo Bukavu wanaozikata chupa kama hizo nyuzi nyembamba na kusuka vikapu, viti na vyungu vya maua, na hawa vijana walikuwa wanawapelekea. Nilikaa nao kwenye kivuli cha mkaratusi, tukala sambaza za kukaanga kwa pilipili na bugali baridi. Walilalamika kwamba kuokota ziwani ni kuchelewa. Chupa ikishafika katikati ya maji, mtumbwi mmoja unazunguka siku nzima kwa gunia moja. Mpango wao ni kuziba mapema zaidi: kamba nene kutoka ukingo hadi ukingo wa Kahwa, bidoni tupu zikiwa maboya, neti ikining'inia chini yake kiasi cha nusu mita ili sambaza wachanga wapite na chupa zibaki. Wameshapima upana. Bidoni wanazo, zimepangwa nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Kinachokosekana ni kamba inayoweza kuhimili Kahwa ikifurika, na mwenye kiwanja upande wa pili akubali kigingi kichimbiwe kwake. Walikuwa wanakwenda kumwona tena jioni ile, safari hii wakiongozana na chifu wa mtaa, kwa sababu mvua za Septemba zilikuwa zimekaribia.